Mtu Aliyefungua Kopo Bila Kuchukua Kidonge

Siku ile kwenye baraza yetu, mtaa wa Kataki hapa Kalemie, tulikuwa watu saba. Nilikuwa mimi, Feza, kifungua mimba. Walikuwa wadogo zangu watatu: Mapendo, aliyekuwa amerudi kutoka Lubumbashi na diploma yake ya ufamasia, Kabwe, aliyekuwa bado sekondari, na Riziki, kitinda mimba wetu. Alikuwa Papa Kisimba, mdogo wa marehemu baba, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa linachoma. Alikuwa Mama Sofia, jirani, aliyekuja kuazima kinu akakaa, akasahau kinu. Na alikuwa yeye, aliyefika mwisho, amechelewa kama kawaida yake, na bluzi yake nyeupe ya kazi, lile koti la wafamasia, imepigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo inasimama.

Jina lake nalijua, lakini mjini hakuna aliyelitumia, na mimi sitaanza leo. Wote tulimwita Papa wa Farmasi.

Tulikutana kwa jambo moja: Mapendo ashike kazi gani. Nyumbani kwetu, tangu wazazi walipotutoka, neno la mwisho ni langu. Niliacha shule katikati ya sekondari, nikaanza kuanika na kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ili hawa watatu wasome, na hawajawahi kunibishia neno nililolisema kwa sauti. Siku ile nilikuwa na neno langu tayari mdomoni. Yeye ndiye aliyenibadilisha. Ila mtu asiyemjua hawezi kuelewa maneno yake ya siku ile yalimgharimu nini, kwa hiyo nianze na yeye.

Farmasi yake ilikuwa mtaani kwetu, karibu na stesheni, kati ya kijiwe cha motari, wale wa pikipiki za abiria, na mama mmoja muuza mikate. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha dawa Lubumbashi. Alipohamia Kalemie mvi zilikuwa zimeshaingia kichwani. Ukimuuliza kwa nini aliacha kiwanda, kila mtu alipata jibu lake. Padri aliambiwa ni kwa sababu ya amani ya ziwa. Vijana wa motari waliambiwa ni samaki. Mimi niliambiwa, "Mama Mukubwa, Lubumbashi walikuwa wananipikia kuku kila siku." Mama Mukubwa ndilo jina aliloniita tangu nikiwa msichana mwembamba wa kubeba beseni kichwani, na alinipa heshima yake yote, bila mzaha.

Kitu kilichomfanya ajulikane mjini kilikuwa kopo. Kwenye rafu ya nyuma alikuwa na makopo mawili ya aspirini, yale makubwa ya plastiki ambayo vituo vya afya hununua, vidonge vimejazwa humo bila karatasi. Yote mawili yalitoka katika katoni moja. La kwanza hakuligusa kabisa. La pili alilifungua kila mtu alipoingia dukani, akaliacha wazi kidogo, akalifunga, bila kuchukua kidonge hata kimoja. Ukija kununua bendeji, anafungua kopo. Ukija kuuliza njia ya bandarini, anafungua kopo.

"Papa wa Farmasi," vijana wa motari walimtania, "leo umemusalimia kopo?"

"Nimemusalimia. Anasema nyie mupunguze pombe."

Kila mwaka mvua zilipokwisha, aliyashusha yote mawili na kuyafungua pamoja mezani. Lile lisiloguswa vidonge vyake vilikuwa vyeupe, vigumu. Lile la kufunguliwa kila siku vidonge vyake vilimomonyoka ukivigusa, na lilitoa harufu ya siki. Alinusa, akaandika, halafu akayaharibu yote mawili, hata lile zima. Mama Sofia aliumia roho alipoona hivyo.

"Papa, hili moja ni zima! Si utupatie sisi tunaoumwa vichwa?"

"Hili ni shahidi, Mama Sofia. Shahidi haliwi."

Mapendo alikuwa mwanafunzi wa sekondari wakati huo. Alikuwa anapita dukani akitoka shule, na yeye ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wengine hatukuuliza: kwa nini asifanye hivyo na dawa zote? Papa wa Farmasi alifurahi mpaka akatoa kiti cha nyuma ya meza, kiti ambacho hakumpa mtu. Tangu siku hiyo mdogo wangu alikuwa na mwalimu wa pili. Alimpa sheria moja tu: "Andika kile unaona, hapana kile unapenda kuona." Mapendo alikuja nayo nyumbani akaanza kuitumia hata kwenye mboga zangu.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mtakatifu. Alichelewa kila mahali. Mtu aliyeweza kukataa katoni nzima kwa sababu tarehe yake imepita jana, yeye mwenyewe aliingia kanisani wakati wa komunyo, tena na bluzi yake nyeupe, na watoto wakacheka. Alikuwa mkali kwa wagonjwa wasiomaliza dozi, akawafuata mpaka nyumbani kuuliza vidonge vimebaki vingapi. Lakini yeye mwenyewe kumeza kidonge ilikuwa vita. Homa ilipomshika alikunywa majani machungu ya Mama Sofia, akifunga mlango ili wateja wasimwone. Mama Sofia alitangaza mtaa mzima.

Na wale wauza dawa wa kutembea, wenye vidonge vya rangi zote kwenye kitunga kichwani, aliwachukia kwa maneno makali kabisa. "Munatembeza sumu juani!" Halafu jua likipanda, aliwaita wakae chini ya paa lake, akawapa maji, akawaonyesha ni ipi wasiweke juani hata kidogo. Nilimwambia siku moja, "Papa, unawafukuza ao unawafundisha?" Akanijibu, "Nikiwafukuza wataenda kuuza pale sitawaona."

Kwa muda mrefu nilidhani kazi ya dawa ni mbili tu: kuna mtu mmoja mwenye akili nyingi anayevumbua dawa Ulaya, na kuna wengine wanaoiuza. Mapendo alidhani hivyo pia. Jumapili moja Papa wa Farmasi alikuja kwetu kula, na Mapendo, akiwa anaosha vyombo, akamwambia kwamba yeye atavumbua dawa ya malaria.

"Vizuri sana," akasema. "Na kama haujavumbua?"

Mapendo akaacha kuosha.

"Endelea kuosha. Wengi hatukuvumbua kitu, na tulikula kwa kazi hiyo maisha yetu." Akaanza kumweleza, na sisi wote tukasikiliza, hata Riziki mdogo. Kuna anayetafuta dawa, alisema, na katika vitu vingi anavyovijaribu karibu vyote vinamkatalia. Kuna anayeijaribu kwa wanyama, halafu kwa watu waliokubali wenyewe, na huyo anahitaji moyo kuliko mikono. Kuna anayeihamisha kutoka kikombe kwenda pipa, kwa sababu dawa iliyokubali kupikwa ndani ya kikombe inaweza kugoma ndani ya pipa. Kuna anayepima kila mpiko, na huyo ana ruhusa ya kusema hapana mbele ya mkubwa wa kiwanda. Kuna anayeandika karatasi za kupeleka serikalini ili dawa iruhusiwe. Kuna delege, anayezunguka na begi lake kwa madaktari kuwaeleza dawa. Na kuna yule anayekaa kusubiri malalamiko: nani amevimba, nani ametapika, wapi dawa imeshindwa.

"Na weye Papa ulikuwa nani kati ya hao?"

"Niliingia kwa mulango wa labo, kupima. Wakanipeleka kwa mapipa, nikaungua mukono, angalia hapa. Nikatokea kwa karatasi. Mwisho nikakaa kwa malalamiko. Kile kiwanda kina milango ya ndani mingi. Usiogope mulango wa kwanza. Ogopa kukaa pale umeacha kujifunza."

Ndiyo maana Mapendo alipokwenda iniversite Lubumbashi, kwa treni, na mihogo mikavu na ndagala kwenye gunia, hakuwa anaenda gizani. Alijua ndani ya kiwanda kuna nini. Mwaka wa mwisho walimchukua kwa staji, kujifunza kazi, kwenye kiwanda kilekile cha Papa wa Farmasi, upande wa kupima, na walipomaliza naye walimwambia nafasi ipo, mshahara wa kuanzia ni mdogo. Wakati huohuo kampuni nyingine ilimtaka awe delege: gari, simu, mshahara mnene.

Na kulikuwa na njia ya tatu, ambayo mimi peke yangu niliijua. Wiki chache kabla ya kikao, Papa wa Farmasi alikuja mpaka ufukweni ninakoanika. Alikuwa anatembea vibaya, miguu imeanza kuvimba. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mama Mukubwa, hii miguu haitanifikisha mbali. Na farmasi bila mufamasia wanaifunga, hiyo njo sheria, na ni sheria nzuri. Mapendo akikubali, ninamuachia yote. Rafu, meza, watu. Sina mwengine."

Nilijisikia nimepewa kitu kikubwa. Mdogo wangu angekuwa na farmasi, hapahapa, karibu na mimi, watu wangemwita Mama wa Farmasi. Nilimwambia, "Papa, nitasema hivyo mbele ya wote." Hilo ndilo neno lililokuwa mdomoni mwangu siku ya kikao.

Basi tukakaa. Papa Kisimba alianza, kama ilivyo haki yake.

"Miye sitaki maneno mingi. Gari iko pale inangoja mutoto wetu. Delege! Anavaa vizuri, anaongea na madaktari. Kabwe anamaliza shule, Riziki anamaliza shule, Feza anapumzika na hizi samaki. Labo? Labo ni kuhesabu vidonge kama muntu anachambua maharagi!"

"Maharagi yasiyochambuliwa yanavunja meno, Papa," Kabwe akasema.

"Weye nyamaza, unakula tu!"

Tukacheka. Mama Sofia akasema msichana akae nyumbani, afungue farmasi yake, wanaume wa Lubumbashi ni waongo. Papa Kisimba akamuuliza amejuaje. Tukacheka tena. Mapendo peke yake hakucheka. Nilimjua tangu anatambaa. Alitaka labo, na aliogopa kusema, kwa sababu mshahara mdogo wa labo ulimaanisha mgongo wangu uendelee kubeba beseni miaka mingine.

Nikafungua mdomo niseme neno langu. Papa wa Farmasi akainua mkono.

"Mama Mukubwa, uniruhusu niseme mbele yako. Ukishasema, hakuna wa kusema tena."

Nikamruhusu. Nilijua atakachosema. Atamwomba Mapendo mbele ya wote, na mimi nitakubali.

"Munaniuliza kila siku sababu gani niliacha kiwanda," akasema. "Leo nitawaambia. Pale Lubumbashi tulitengeneza aspirini ya makopo makubwa. Tuliipima vizuri. Tuliweka makopo kwenye chumba cha joto, miezi na miezi, tukayafungua mwisho, dawa ilikuwa safi. Tukatia sahihi. Sahihi yangu iko pale. Halafu nikahamia kwa malalamiko, na malalamiko yakaanza kuja. Kirungu, kule juu kwenye baridi, hakuna neno. Lakini huku kwa ziwa, kila kituo: vidonge vinavunjika, vinanuka siki. Nikafikiri ni wizi, wamebadilisha dawa. Nikaja mwenyewe. Nikakaa kwenye kituo kimoja asubuhi nzima, nikaangalia. Mugonjwa anafika, muuguzi anafungua kopo. Mugonjwa mwengine, anafungua. Mvua inanyesha, mikono imelowa, anaacha kopo wazi mpaka yule wa mwisho. Yule muuguzi hakukosea kitu. Kopo la vidonge vingi ni la kufunguliwa! Sisi njo tulipima kopo lililofungwa, kwa watu wanaoishi na kopo lililofunguliwa."

Papa Kisimba akavua koti.

"Nikarudi nikawaambia wakubwa. Wakasema kopo limepimwa, karatasi ziko sawa. Nikakosa nguvu ya kuwashinda. Nikakuja kukaa huku, nikafungua farmasi, nikafungua kopo, nikaandika kila mwaka, nikatuma. Muntu wa dukani akituma karatasi, wanaiweka chini ya zingine. Lazima muntu awe ndani." Akamtazama Mapendo. "Huyu amezaliwa huku. Anajua kitu kikavu kinavyokunywa hewa ya ziwa, amekianika na dada yake. Na ana ruhusa ya kuingia kwenye kile chumba. Ukimupatia gari, Papa Kisimba, ataeleza vizuri dawa ambayo wengine wamepima. Ukimupatia farmasi..." Hapo akatazama miguu yake. "Ukimupatia farmasi, atauza vizuri dawa ambayo wengine wamepima. Mumuache apime."

Hakuniangalia. Mapendo hakujua kwamba mzee huyo alikuwa amekata njia yake mwenyewe. Hakuna aliyejua, ila mimi. Nikameza neno nililokuja nalo.

"Mapendo," nikasema, "unataka wapi?"

"Labo, Yaya." Yaya ndivyo wadogo zangu wanavyomwita dada mkubwa.

"Basi utaenda labo. Nimesema."

Papa Kisimba alinung'unika juu ya lile gari mpaka chai ikaisha. Lakini siku ya safari ndiye aliyebeba gunia mpaka ndani ya behewa, akagombana na watu ili apate nafasi ya dirishani.

Sasa nizungumze kwa kujivuna kidogo, nina haki. Mwaka wa kwanza Mapendo alipima alichoambiwa apime, akanyamaza. Mwaka wa pili aliomba makopo mawili, beseni la maji ya moto la kuleta unyevu kama wa ziwa, na kona moja ya kile chumba cha joto. Wenzake walimcheka: alikuwa anafungua kopo na kulifunga mchana kutwa kama mtu anayefukuza nzi. Alipoyafungua yote mawili mbele ya mkubwa wake, aliyasogeza karibu. Alimwachia mkubwa anuse mwenyewe. Leo kile kiwanda, kabla ya kutia sahihi kwenye kopo kubwa, kinalipima lililofungwa na lililofunguliwa, na vidonge vya huku ziwani vimeanza kufungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya bati. Muuguzi mmoja wa Niemba, anayekuja na pikipiki kuchukua dawa za kituo chake, alinionyesha karatasi hizo bila kujua ananionyesha kazi ya nani. Nilimwambia. Nilimwambia mara nyingi mpaka akaomba ruhusa aende.

Mapendo sasa ana vijana anaowafundisha, na mwaka jana walimwuliza kama anataka kuhamia upande wa karatasi za serikali. Alinipigia simu. Nikamwambia, "Mulango wa kwanza umeshaupita, wa pili wa nini kuuogopa?" Akacheka, akajua nimeyatoa wapi.

Nilimtembelea Papa wa Farmasi kiangazi hiki. Anakaa sasa upande wa daraja la Lukuga, kwa mtoto wa dada yake. Miguu yake iko juu ya kigoda. Farmasi ilifungwa mwaka uliofuata baada ya kikao chetu. Wakaguzi walikuja, wakamkuta hawezi kusimama, na hakuwabishia. Pale ilipokuwa sasa wanauza vifuniko vya simu. Mtu wa Kataki akiumwa, ama avuke mji mzima na motari, ama anunue kwenye kitunga.

Nilimpelekea ndagala.

"Mama Mukubwa, hizi ni za leo?"

"Za jana, Papa. Za leo bado hazijakauka."

"Asante kwa kusema kweli." Akala mbili tatu hivihivi, bila ugali. "Mapendo njo atahamia kwa karatasi?"

"Anafikiri bado."

"Aende. Kule wanakosa muntu aliyenusa."

Nikamwambia kitu nilichokaa nacho miaka yote hiyo. "Papa, sisi tuna deni kwako."

"Deni gani? Miye sikukopesha kitu. Nilisema maneno kwenye baraza yenu, tena mulinipa chai."

"Ulikuwa na mufamasia mumoja wa kukurithi, ukatuambia tumupeleke mbali. Nilikuwa pale. Mimi njo najua."

Akageukia dirisha. Nje pikipiki zilikuwa zinapanda daraja. Nilidhani amekasirika.

"Vizuri," akasema mwishoni. "Kama unataka liitwe deni, tuliite. Lakini si langu. Miye nilishazeeka, farmasi ingenifaa nini? Wale wa Kataki njo walibaki bila muntu. Mulichukua muntu wao. Basi mutawaletea mwengine. Awe wa nyumba yenu ao wa nyumba ingine, sitauliza. Lakini aletwe na nyie."

"Tutamuleta, Papa."

"Usiniahidi kwa huruma. Fanya polepole. Muntu wa namna hiyo hapatikani sokoni."

Jioni ileile nilimweka Riziki mbele yangu. Ana alama nzuri za kemia, walimu wanamsifu. Nikamweleza yote, pole kwa pole, mpaka kwenye neno la mzee. Akanisikiliza kwa adabu.

"Yaya," akasema, "miye nataka kuendesha treni."

Kabwe tayari anasoma sheria. Hawezi kurudi nyuma, na sitamlazimisha. Sikuacha shule ili wadogo zangu waende pale wasipopapenda wao. Mjukuu wa Mama Sofia anapenda kuuliza maswali, nimeanza kumsikiliza vizuri, lakini bado yuko shule ya msingi, na wiki hii anataka kuwa askari.

Nimesomesha watatu kwa samaki wadogo kuliko kidole, na sijutii hata mmoja wao. Dada yangu anapima dawa za nchi nzima. Kataki haina mfamasia. Tunadaiwa na mtaa huo mtu mmoja, sisi wa nyumba yetu, na hatujamleta.